Mzunguko Katikati ya Meza

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. La, nimekosea, ulikuwa tisini na saba, maana tisini na sita mashine ilikuwa haijafika, na bila ile mashine Chaki asingepata wasaa wa kuangalia meza zilizotupwa. Basi tisini na saba, mwanzoni, kabla mvua hazijashika.

Chaki si jina alilopewa na wazazi. Wazazi walimpa jina zuri tu, lakini kazini hakuna aliyelikumbuka, hata karani wa idara alipotaka kumwandikia barua ilibidi alitafute kwanza kwenye faili. Aliitwa Chaki kwa sababu ya magoti. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpiga mistari wa idara ya barabara, na kazi hiyo kwa mkono hufanywa na mtu aliyepiga magoti. Unatandaza kamba iliyopakwa chaki, mwenzako anaibana kule mwisho, wewe unaivuta juu kidogo kwa vidole viwili na kuiachia, pap, inalaza alama nyeupe juu ya lami. Halafu unaifuata alama kwa brashi ukirudi nyuma, makalio yakitangulia, magari yakikupitia ubavuni na madereva wakikusalimu kwa maneno ambayo hayaandikiki. Suruali zake zote zilikuwa na duara mbili nyeupe magotini, mpaka ile ya kuendea harusini. Mkewe alizifua miaka kumi ya kwanza, kisha akanyoosha mikono.

Ndipo ikaja mashine. Ilikuwa na kiti, mtu anakaa juu yake kama amepanda pikipiki, na mstari wa siku nzima inaumaliza kabla chai haijapoa. Chaki hawakumfukuza, hapana, walimheshimu. Walimpa koni. Yaani alikaa kwenye ua wa idara, kwenye kiti cha plastiki, akiangalia zile koni nyekundu za kuzuilia magari zikitoka asubuhi na kurudi jioni. Mkewe alipomuuliza kazi mpya ikoje, alijibu kwamba koni ni watu watulivu.

Kukaa huko ndiko kulikomwonyesha meza. Ilikuwa imetupwa nyuma ya stoo pamoja na makabati yaliyovunjika, meza kubwa ya ofisi, ya mbao nzito, imebaki na miguu mitatu. Uso wake ulijaa alama za vikombe vya chai, duara juu ya duara. Chaki aliizunguka siku mbili. Siku ya tatu akamwuliza mtunza stoo kama ile meza ina mwenyewe. Mtunza stoo akasema mwenyewe ni mchwa, lakini bado hajaja kuichukua, kwa hiyo awahi. Na kwa kuwa mashine ilitumia rangi ya aina nyingine, akampa pia yale makopo ya rangi ya zamani yaliyokuwa yakisubiri kumwagwa, meupe mawili na jeusi moja, na nusu mfuko wa shanga za kioo. Hizo si shanga za kuvaa. Ni chenga za kioo, ndogo kama sukari, zinazonyunyiziwa juu ya mstari ukiwa mbichi ili umulikwapo na taa za gari ung'ae.

Meza ikafika nyumbani kwa mkokoteni, imelala chali, miguu mitatu juu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

Lazima niseme habari ya huyu mama kusimama. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, watoto mia tano, mwiko wake mrefu kama mpini wa jembe, na kwenye jiko la shule hapakuwa na kiti hata kimoja. Basi alizoea. Hata nyumbani alikula akiwa ameegemea fremu ya mlango wa jikoni, sahani kiganjani, akiwatazama wengine wanavyokula kama anasimamia mtihani. Wakimwambia akae, alisema akikaa atasinzia.

Aliitazama meza, akamtazama mumewe, akauliza mgonjwa huyu ameruhusiwa hospitali au ametoroka.

"Inahitaji mguu tu," Chaki akasema.

"Na wewe unahitaji kichwa tu. Wageni wanakuja baada ya wiki tatu."

Wageni ndio walikuwa jambo lenyewe. Binti yao, kitinda mimba, muuza dawa kwenye duka la madirisha ya kijani kule njia panda, alikuwa ameposwa na fundi umeme, na siku ya Jumapili iliyopangwa wazazi wa kijana wangekuja kula kwa mara ya kwanza. Nyumba haikuwa na meza ila kile kijimeza cha redio. Wageni wakija, huazima meza ya jirani fundi cherehani, na meza ya fundi cherehani huja na pini zake. Mwaka mmoja mjomba mmoja aliikuta pini pembeni ya sahani, akadhani ni mfupa wa samaki, na chakula chenyewe kilikuwa maharage.

Chaki alitaka safari hii watu wale kwenye meza yake. Na tena, ingawa hili hakulisema kwa sauti, alitaka watu wa nyumbani kwake waione kazi yake mara moja kabla hajaisahau yeye mwenyewe. Miaka ishirini na sita mkewe na bintiye walikuwa wakiivuka kila siku. Lakini mtu akivuka barabara haangalii mstari, anaangalia gari. Na sasa ile mistari yake kule nje ilikuwa ikipakwa upya na mashine, mmoja baada ya mwingine, mpaka hivi karibuni usingebaki hata mmoja wa mkono wake.

Wakakubaliana hivi: aitengeneze, na ikiwa ya kuonyeshwa watu ibaki sebuleni. Isipokuwa ya kuonyeshwa watu, itaingia bandani kukaa na kuku, na ya fundi cherehani itaazimwa pamoja na pini zake.

Mguu wa nne aliupata kirahisi. Alichukua nguzo ya kibao cha barabarani kilichogongwa na lori, akaikata kipimo, ikaingia sawasawa, na kwa kuwa ilikuwa na mapingili meusi na meupe akaona si haki kuyafuta. Uso wa meza aliusugua kwa msasa siku nne. Akaupaka rangi nyeusi, akauacha ukauke. Hapo sasa akakwama, amekaa uani kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatazama ule weusi.

Alimwuliza mkewe apake nini. Mkewe akasema maua, kila mtu anajua ua lilivyo. Chaki akajaribu ua. Alipigilia msumari mdogo katikati ya meza, akafunga uzi, akazungusha chaki, akapata duara safi. Akazungusha jingine ndani yake. Akaanza kuchora majani manne yakitokea pande nne, na kila jani, alivyokuwa mtu wa kunyoosha, likatoka limenyooka. Binti alipotoka jikoni na beseni la vyombo akasimama akalitazama ua hilo.

"Baba, huu ni mzunguko wa pale benki."

Chaki akainamisha kichwa huku na huku. Kweli, ulikuwa mzunguko wa pale benki. Hata kisiwa cha katikati kilikuwa mahali pake.

"Sasa nifute?"

"Kwa nini ufute? Chora unachokijua," binti akasema, akaenda zake kumwaga maji.

Basi mkono ukafunguka. Kwa siku nane, kila arudipo kutoka kazini, alipiga magoti kwenye kiti ili aifikie meza kama alivyoifikia lami, akavuta kamba fupi, pap, pap, na kuku wakakimbia. Barabara nne zikaingia kwenye mzunguko kutoka pande nne za meza. Akaweka mishale. Akaweka mistari ya vipande pale gari linapoweza kupita jingine, na mistari mizima pale pasiporuhusiwa. Upande ambao meza ikiingia sebuleni ungekuwa wa dirishani akaweka kivuko cha punda milia. Rangi aliipaka nene kama ilivyo desturi, ukipitisha kidole unaisikia, na juu yake akanyunyizia shanga za kioo kwa kuzipuliza kutoka kiganjani. Jua la saa kumi lilipopiga uani, meza ilimetameta, na jirani fundi cherehani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama wamefungua kituo cha magari.

Mwisho akaandika neno. Aliliandika upande ambao ungeelekea mlango wa jikoni, pale mkewe anapoegemea fremu. Neno lenyewe ni PUMZIKA. Lakini aliliandika kwa namna ya kazini, na hapa ndipo alipojiponza. Herufi za barabarani hazichorwi kama za kitabuni. Huvutwa, zinakuwa ndefu na nyembamba mno, kwa sababu anayezisoma ni dereva aliyekaa chini akiziona kwa mbali zimelala, na kwa jicho lake zinafupika, zinanenepa, zinakuwa herufi za kawaida. Ukizitazama umesimama juu yake ni kama miguu ya korongo. Chaki hakujua namna nyingine ya kuandika. Kwa hiyo PUMZIKA yake ilikuwa na urefu wa shibiri mbili na unene wa kidole, na ingekaa sawa kwa mtu mmoja tu duniani, yaani yule ambaye angekaa kwenye kiti pale mwisho wa meza.

Mkewe alikuja kuikagua siku ya Ijumaa, bila shaka akiwa amesimama, mikono kiunoni. Alisema mguu ni imara, hilo analikubali. Alisema weusi umekaa vizuri. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Na herufi hizi zinaumwa nini?"

"Haziumwi. Kaa kidogo uziangalie."

"Nikae, na vitunguu nimeviacha motoni."

"Dakika moja tu, mama."

Hakukaa. Alisema baba wa huyo kijana ni mtu mzito, mtahini wa madereva, mtu anayesimama na faili kando ya barabara akiangusha watu wazima mpaka wanalia, na hawezi kumlisha mtu kama huyo barabarani. Meza itatumika, kwa sababu ni kubwa. Lakini itafunikwa kitambaa mpaka chini, na Jumatatu itakwenda bandani. Chaki akasema sawa. Alikuwa mtu wa kusema sawa. Akaenda kuosha brashi kwa mafuta ya taa, akaiosha mpaka ikawa safi kuliko siku iliponunuliwa.

Jumapili wageni wakaja wanne: mtahini, mkewe, kijana fundi umeme, na bibi mzaa mtahini, mwanamke mfupi mno aliyepungua kwa uzee akabaki macho na sauti. Mtahini alivaa koti siku ya joto. Alipeana mikono na Chaki kama mtu anayejaribu breki. Kijana alikuwa kimya, na binti alikwisha kuwaambia wazazi wake sababu: mtahini alikuwa amemwangusha mtihani wa udereva mara mbili, mwanawe wa kumzaa, na mara ya pili alimwandikia maelezo kurasa tatu.

Kitambaa kilikuwa cheupe, kimepigwa pasi, kinaning'inia mpaka sakafuni. Bibi wakamweka mwisho wa meza, karibu na jikoni, kwenye kiti kifupi, kwa kuwa ndicho pekee ambacho miguu yake ingefika chini. Kidevu chake kilikuwa sawa na ukingo wa meza. Mama mwenye nyumba akasimama nyuma yake, mlangoni, na bakuli la mchuzi.

Mambo yakaanza kuharibika kwa adabu. Glasi ya mtahini haikutaka kutulia. Kila akiiweka, ilikaa nusu juu ya mstari mnene na nusu nje, ikainama kidogo kama inamsalimia. Akaihamisha. Huko nako palikuwa na mshale. Nyusi zake zilianza kuandika. Chaki alitazama sahani yake. Binti aliongea habari ya hali ya hewa, akaimaliza yote, akaanza tena.

Vidole vya bibi navyo vilikuwa vikitembea juu ya kitambaa. Vilifuata kitu fulani, vikapanda, vikakata kona, vikashuka. Kisha, kama wafanyavyo watu wa umri ule ambao hawana tena wa kumwomba ruhusa, akaisogeza sahani yake kando, akashika pindo la kitambaa akalifunua, akachungulia.

"Pumzika," akasoma. Akasoma tena, polepole. "Herufi nzuri. Zimeshiba."

Mama mwenye nyumba alikaribia kudondosha bakuli. Alisema, samahani bibi, hiyo ni michoro tu ya baba watoto, herufi zimetoka ndefu ndefu, tunafunika sasa hivi. Bibi akasema ndefu wapi, macho yake yana miaka themanini na nane na anaziona fupi, nene, zimekaa kama watu wazima kwenye benchi. Akageuza shingo.

"Hapa kila siku hukaa nani?"

Binti alimtazama baba yake, baba yake alitazama mlango wa jikoni, na mle mlangoni alikuwa amesimama mtu mwenye bakuli. Fremu ya mlango ule, mahali pa bega lake, rangi ilikuwa imelika kabisa.

"Nakuuliza wewe mwenye meza," bibi akamwambia Chaki. "Umemwandikia nani?"

"Mpishi," Chaki akasema.

Bibi akajisogeza kwenye kiti chake, akapigapiga ile nafasi ya kiganja kimoja iliyobaki. Mama mwenye nyumba akasema mchuzi utapoa. Bibi akasema amekula mchuzi uliopoa tangu kabla mwenye bakuli hajazaliwa. Basi mama akakaa, nusu tako, bakuli mapajani, na bibi akamshika kisogo kwa mkono mkavu akamshusha kichwa mpaka mashavu yao yakakaribiana.

"Umeona?"

Alikaa vile kitambo. Chaki aliona mdomo wake ukitembea, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akasema, "Nimeona," kwa sauti ndogo ambayo watoto mia tano hawakuwahi kuisikia, akanyanyuka, akarudi jikoni na bakuli lile lile alilotoka nalo.

Hapo mtahini akasimama. Akavua koti. Akaomba radhi, akakusanya kitambaa chote upande wake huku kila mtu akinyanyua sahani, na meza ikabaki wazi, nyeusi na nyeupe, inametameta. Aliizunguka mara moja akiwa ameweka mikono nyuma, na kijana fundi umeme akanyooka kwenye kiti kama ameshikwa na umeme wa kazini kwake.

"Nani kapiga mistari hii?"

Chaki akasema ni yeye. Mtahini akauliza kama ni yeye pia aliyepiga ile ya pale benki, ya zamani, kabla ya mashine. Chaki akasema ni yeye. Mtahini akatikisa kichwa, akasema kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisimama pale na faili, na mistari ile haikuwahi kumpa dereva hata mmoja kisingizio. Hii ya mashine, akasema, imeshaanza kuwapa. Kisha akainama, kwa sababu hakuwa mtu wa kusifu bila kutafuta kosa, akaweka kidole upande wa jikoni.

"Lakini hapa umekosea, mkwe. Hapa umeweka mstari mzima. Chakula kikitoka jikoni kitaingiaje mezani?"

Chaki akatazama. Ilikuwa kweli. Mstari mzima ulipita mbele ya mlango wa jikoni kutoka ukingo hadi ukingo. Mkewe, kisheria, hakuweza kupakua.

Walicheka, Chaki wa kwanza. Lakini mtahini alikuwa hajamaliza. Aliamua kwamba kwa leo, kwa dharura, bakuli litaruhusiwa kuvuka, ila likishaingia lizunguke kwa utaratibu, na aliye kwenye mzunguko apewe njia. Basi wakala hivyo. Mchuzi ulizunguka kisiwa cha katikati, mboga zikangoja zamu, chumvi ikasimama kwenye kivuko mpaka maji yalipopita. Kijana alilivuta bakuli la nyama kwa njia ya mkato, na baba yake, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, akamwambia amerudia kosa lile lile la ukurasa wa pili. Binti alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitambaa.

Jumatatu Chaki hakungoja kuambiwa. Ahadi ilikuwa ahadi. Aliporudi kutoka kazini akasukuma kiti, akaanza kuiinua meza upande wa mguu wa mapingili ili aivute kuelekea bandani. Mkewe alikuwa ndio kwanza ameingia, mkoba bado begani.

"Unaipeleka wapi meza yangu?" akamwuliza.

Akaishusha.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, alirudi akakuta mstari umekatwa. Ule ule wa mbele ya jikoni. Mtu alikuwa ameukwangua kwa kisu mahali sita, na kila palipokwanguliwa pakapakwa rangi nyeusi ya viatu na kusuguliwa mpaka pakafanana na lami. Ulikuwa sasa mstari wa vipande, mstari unaoruhusu kupita. Chaki alichukua kamba yake akayapima yale mapengo. Yalikuwa sawa yote, na aliyeyapiga hakuwa amekisia. Hakukasirika, ila alitaka kujua, kama fundi anavyotaka kumjua fundi mwenzake. Alimwuliza mkewe, mkewe akamwomba ampitishie sufuria. Alimwuliza binti, binti akasema yeye alikuwa kazini, halafu akaangalia viatu vyake. Alimwuliza fundi umeme, aliyekuwa amekuja kubadilisha balbu siku ya Jumatano, naye akasema hagusi nyaya za mtu bila kibali. Aliuliza tena siku ya harusi, aliuliza mjukuu wa kwanza alipozaliwa, aliuliza kila ndugu walipokutana wote kwenye meza ile, wamejaa pande zote nne, akigonga ukingo kwa kijiko mpaka wanyamaze, nao wakiinamia sahani zao kwa tabasamu.

"Jamani, nani aliyeukata mstari wangu?"